Tupeane uzoefu: kompyuta ya familia kwa bajeti ndogo, ilikutoa jasho wapi?

MamaLanet: Jana nimepita Kenyatta Avenue hapa Nakuru, nikaona CPU zimepangwa hadi mlangoni, roho ikanirudi nyuma. Yangu nilichangia miezi saba. Nilitaka mashine moja ya kazi zangu za hesabu mchana na gemu za watoto jioni. Nikanunua prosesa ya Ryzen 5 5600, RAM (kumbukumbu ya kazi), SSD (diski ya kuhifadhia mafaili), kila kitu kipya. Siku ya kuunganisha watoto wamejipanga kitandani, feni inazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Tulifungua na kufunga hadi saa sita usiku. Kumbe nilitakiwa kununua 5600G. Isiyo na G haitoi picha mpaka uiwekee kadi ya picha kando. Herufi moja tu! Nyinyi ilikuwaje?

Fundi_Kondele: Pole mama. Kwa Intel angalia F. Ukiona 12100F, jua nayo haitoi picha bila kadi. Na ukichukua ya G, weka RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16. Picha inakula RAM hiyo hiyo, gemu zitatembea vizuri zaidi.

Mwalimu_Mumias: Vipya vya nini? Nilichukua HP EliteDesk 800 G1 iliyotumika Uingereza, i5 kizazi cha 4, shilingi 16,500. Mwaka wa tatu huu inachapa mitihani.

Section58: Mwalimu, heshima yako, lakini usimwelekeze mtu huko leo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha 8.

Mwalimu_Mumias: Nimeweka Linux Mint badala ya Windows. Haijanidai hata senti.

Section58: Na gemu za watoto?

Mwalimu_Mumias: Watoto wangu wanasoma.

MamaLanet: Wangu pia wanasoma, mwalimu.

Achieng_Mamboleo: Mimi bado nikisikia soketi ikilia "tak" nashtuka. Naandikia watu barua na kuwajazia ritani za kodi za KRA nyumbani. Ilikuwa 29 Juni, mwisho ni 30, na kazi za watu kumi na mmoja ziko ndani ya mashine. Mtoto wa dada yangu, miaka mitano, alikuwa akicheza chini ya meza na kijiko. Nyuma ya CPU, kando ya waya wa stima, palikuwa na swichi ndogo nyekundu imeandikwa 230. Akaisukuma ikasoma 115. Mimi sina habari. Nimewasha tu, ikapiga mlio kama tairi la lori likipasuka. Moshi mweupe, harufu ya samaki aliyeungua na plastiki, mtoto amejikunja ukutani hatoi hata sauti. Nilimbeba nikatoka naye nje bila viatu. Jirani ndiye aliyeingia kuchomoa. Baadaye nilikaa kwenye ngazi nikalia, kwa sababu ya mtoto kwanza, halafu kwa sababu ya wale watu kumi na mmoja.

Otieno_Nyalenda: Mungu ni mwema. Mtoto hakuumia?

Achieng_Mamboleo: Hata kidogo. Fundi alifika saa mbili usiku na tochi mdomoni. Pawa saplai, kile kisanduku kinachoingiza stima kwenye mashine, ilikuwa imepasuka vikopo vyake (kapasita), ubao mkuu nao umekufa. Akatoa SSD, akaichomeka kwenye mashine yake. Mafaili yote yapo! Tulimaliza ritani ya mwisho saa tisa usiku.

Fundi_Kondele: Swichi ikiwa 115, pawa saplai inajiandaa kuzidisha stima mara mbili. Ukiipa volti 240 zetu, vikopo vinapasuka. Zibeni swichi hiyo kwa selotepu leo hii. Pawa saplai nyingi nzuri siku hizi hazina swichi, zinajirekebisha zenyewe.

Lurambi_Moja: Huku Kakamega adui ni radi. Nunueni UPS, kile kifaa cha betri kinachoshika mashine stima ikipotea.

Otieno_Nyalenda: UPS haizuii radi ikipiga karibu. Wingu likijikusanya, chomoa, na waya wa intaneti pia.

Lurambi_Moja: Kakamega mvua ni kila alasiri. Nitachomoa mpaka lini?

Otieno_Nyalenda: Basi fanya kazi asubuhi, ndugu.

Kitale_Mahindi: Swali dogo: naweza kuongeza kadi ya gemu kwenye EliteDesk nyembamba?

Fundi_Kondele: GTX 1650 ya kimo kifupi (low profile), ile isiyo na tundu la waya wa ziada. Inakula wati 75 na zote zinatoka kwenye ubao. Usijaribu kubwa zaidi, maana pawa saplai ya saizi ya kawaida haiingii kwenye kava hiyo.

MamaLanet: Achieng, dada yangu, pawa saplai mpya ulinunua ya wati ngapi?

Achieng_Mamboleo: 450. Fundi alinipa nizipime mkononi zote mbili. Iliyopasuka ilikuwa nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Hii mpya nzito. Na yule mtoto sasa yuko Gredi ya 2. Ngurumo ya kwanza tu ikitoka upande wa ziwa, yeye ndiye huja mbio, "Mama mdogo, umechomoa?"