Tupeane uzoefu: ukivuka mpaka kwa gari, mafuta unayabanaje?

Mwana wa Sakina

Wadau, mwezi wa kumi na mbili nina safari ya Lusaka na familia, harusi ya shemeji. Nauli ya ndege kwa watu watano nimeitazama nikafunga simu. Tunakwenda kwa gari.

Nianze na njia ninayoijua, ya Namanga. Naishi Arusha na Nairobi naenda kikazi. Kanuni yangu ni kujaza fulu tenki upande wa Tanzania, Kenya nanunua maji ya kunywa tu. Tangu Julai 2023 wenzetu walipopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, ukisimama Namanga utaona namba za Kenya zinakuja kujaza sheli za upande wetu. Kutoka hapo hadi Nairobi ni kilomita kama 165. Gari langu kwenye lami isiyo na foleni linakwenda kilomita kumi kwa lita, kwa hiyo kwenda na kurudi mpakani ni lita 33 hivi. Tenki ni lita 60. Zinazobaki zinatosha foleni ya Mombasa Road na mizunguko ya mjini.

Na tarehe mziangalie. EWURA, wadhibiti wetu wa nishati, hutangaza bei kikomo (ya juu kabisa inayoruhusiwa) Jumatano ya kwanza ya mwezi, wenzao wa Kenya, EPRA, hutangaza tarehe 14. Kuna siku kumi hivi katikati ambapo bei ya kwetu ni mpya na ya kwao bado ni ya zamani, na pengo linaweza kupanuka au kufutika kabisa. Kabla ya kuondoka piga *152*00# uone bei ya wilaya yako, usikisie.

Zambia ndiyo sijui lolote. Wazoefu karibuni.

Dereva wa IT

Mkuu, hiyo barabara ndiyo ofisi yangu. Natoa magari ya IT (in transit, yanayopita tu kwenda nchi jirani) bandarini Dar, nayapeleka Tunduma na wakati mwingine yanavuka. Hela ya mafuta tunapewa kwa hesabu, ikizidi ni yangu, ikipungua ni yangu pia. Kwa hiyo niamini.

Bongo mafuta hupanda bei kadiri unavyoipa bandari mgongo. Wewe wa Arusha yako hushushwa Tanga, kwa hiyo jaza nyumbani, pita Babati, Dodoma, Iringa. Tunduma jaza tena ukiwa mjini, kabla hujaanza kupambana na malori. Usiseme utajaza sheli ya mwisho kabisa. Ukishakaa pembeni ya ile foleni hutoki kirahisi.

Ukivuka, sahau habari ya kuwinda sheli ya bei nafuu. Zambia bei ya pampu anaipanga ERB, mdhibiti wao wa nishati, na ni moja nchi nzima, Nakonde pale mpakani sawa na Lusaka. Kinachokuumiza kule ni pori. Ukiondoka Mpika kwenda Serenje ni zaidi ya kilomita 200 za kutazama miti. Mimi kipande kile tenki ikifika nusu nahesabu imebaki robo.

Kurudi fanya kinyume chake: ndani ya Zambia weka ya kukufikisha mpakani tu na akiba kidogo, fulu tenki utaipigia Tunduma. Na wale vijana wa Nakonde wenye vidumu vya njano vya mafuta ya kula, wapungie mkono uendelee na safari. Bei yao ni tamu ila hujui mle ndani kumechanganywa nini, na pampu ya mafuta ya gari la kisasa haina masihara.

Siri nyingine: miteremko nashusha na nyutro. Mbeya kwenda Mbalizi, ule wa Iwambi, gari linateleza lenyewe, hulipi kitu.

Fundi Uyole

Dereva, nakuheshimu kwa yote isipokuwa hilo la mwisho. Mteremko wa Iwambi umeua watu wengi mno kwa breki kushindwa, halafu unakuja kuufanya somo la kubana mafuta?

Tena hata mafuta hubani. Gari la injekta ukiliacha ndani ya gia na kuondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kwenye injekta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia nyutro, injini inabaki sailensa, inanguruma bila kuvuta gari, na lazima inywe ili isizime. Kwa hiyo kwenye gia unatumia sifuri, kwenye nyutro unatumia kidogo, na juu yake umejinyima breki ya injini. Hiyo ya nyutro ilikuwa na maana enzi za kabureta.

Mwana wa Sakina, kwa watu watano na mizigo, fungua mlango wa dereva usome kile kibandiko cha upepo wa tairi. Mara nyingi kina safu mbili, ya gari tupu na ya gari lililojaa. Watu wanasafiri na upepo wa gari tupu, tairi linalalia lami, gari linakunywa, kisha wanakuja kwangu kulaumu plagi. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Na keria ya juu kama haina kazi ishushe. Kutoka 120 kurudi 90 utaona mshale wa mafuta unavyokuwa mpole, upepo ndio adui mkubwa ukikimbia.

Dereva wa IT

Sawa fundi, nimekusikia. Ila boss wangu akiniuliza kwa nini nimechelewa, nampa namba yako.

Mama Ciku, Eldoret

Sisi huku huenda Kampala kwa njia ya Malaba. Uganda hakuna bei kikomo, kila petroli stesheni inajiamulia, kwa hivyo usiingie ya kwanza unayoiona ukitoka mpakani. Endesha kidogo, linganisha mbao za bei mbili tatu.

Ila somo langu kubwa ni la Januari 2022. Malori yalikwama mpakani kwa sababu ya upimaji wa korona, mafuta yakaisha ndani, na sehemu nyingine lita ikafika shilingi 10,000 za Uganda. Tangu hapo navuka na tenki imejaa hata kama nimesikia kwao ni nafuu. Afadhali nilipe zaidi kidogo kuliko kulala Jinja nikingoja lori la mafuta.

Kyela Boy

Naongezea Mama Ciku. Anayekwenda Malawi kupitia Kasumulu asitazame bei kabisa, atazame kama mafuta yapo. Miaka hii wamekuwa na uhaba wa kurudiarudia. Jaza Kyela.

Mdigo wa Köln

Salaam kutoka Ujerumani. Kiangazi cha 2024 tuliendesha hadi kaskazini mwa Italia. Ujerumani wakati ule bei ilikuwa ikibadilika mara nyingi ndani ya siku moja. Asubuhi watu wakienda kazini ilikuwa juu, jioni ilishuka. Nikajaza jioni ya kuamkia safari. Austria walikuwa na sheria kwamba kituo kinaruhusiwa kupandisha bei mara moja tu kwa siku, saa sita mchana. Basi saa tano na nusu sisi tuko kwenye pampu, watoto wanalia njaa, mke wangu ananiangalia kama mgonjwa.

Na popote Ulaya, epuka vituo vya ndani ya barabara kuu za kasi. Toka kilomita mbili tatu mjini, hasa Ufaransa kwenye pampu za supamaketi. Ninayoiondoa kwenye kanuni hiyo ni Luxembourg, kule serikali inaweka bei ya juu kabisa na hata vituo vya barabara kuu vinaifuata. Lakini jamani, kuna watu huku wanazunguka kilomita 60 kwenda kuokoa euro nne. Hiyo ni kupenda kuendesha.

Mwana wa Sakina

Asanteni sana. Fundi, kibandiko nimekisoma sasa hivi: nyuma gari likijaa linataka upepo zaidi, na mimi siku zote naweka sawa mbele na nyuma. Dereva, swali moja: Tunduma nikifika usiku sheli za mjini zinakuwa wazi, au nilale Mbeya nijaze asubuhi?

Dereva wa IT

Lala Mbeya. Sheli za usiku zipo, ila ukiondoka Mbeya alfajiri unajaza Tunduma kukiwa kumekucha na Nakonde unavuka mapema. Lile pori la Mpika usiliingie usiku na watoto.