Shetani wa Lubumbashi anamtetea nani?

Mwana Kamalondo (mwenye kuanzisha mjadala)

Kila jina la Shetani linapotajwa katika mji huu, kuna mwenye makuta, mwenye pesa, mahali fulani anayeshusha pumzi. Barabara imeliwa na mvua kabla haijamaliza mwaka: ni vita vya kiroho. Mshahara wa walimu haujafika: adui anatupinga. Mtoto anakojoa kitandani, huyo ana kitu. Na yule aliyepaswa kujibu yuko kanisani, kiti cha mbele, anaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Mjadala huu umezaliwa na filamu. Vijana wa mtaa waliangalia Augure ya Baloji, iliyotoka 2023 na kupata zawadi Cannes. Baloji alizaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 1978, na sehemu ya filamu ilipigwa hapa. Koffi amezaliwa na alama mwilini, kwao wakamwita zabolo, yaani shetani, mama yake akamkataa. Anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake mzungu mwenye mimba, anatafuta amani na ukoo. Anapewa mtoto mchanga ambebe, damu inamtoka puani, inamdondokea yule mtoto. Hakuna hata mmoja anayeuliza kama mtu huyu ni mgonjwa. Wananyang'anya mtoto, wanamshika Koffi.

Filamu ilipoisha kijana mmoja akasema: "Wasatani wa Marekani wana haki." Kelele zikaanza, wengine wakatoka nje. Mimi nilibaki nikataka kujua hao watu wanasema nini kwa kinywa chao wenyewe. Kanisa la Shetani lilianzishwa San Francisco mwaka 1966 na Anton LaVey. Hawachinji mtu, na hawaamini kwamba Shetani yupo. Kwao ni alama ya mwenye kukataa kupiga magoti, yule anayesukumiwa makosa ya wote.

Swali langu: katika siasa, mahubiri na sinema zetu, tukatae kumpokea Shetani kama sababu ya mambo? Mimi nasema tumkatae. Leteni yenu.

Mama wa Ruashi

Mutoto yangu, weye unasomaka sana lakini haujaonaka. Mubaya iko. Ku avenue yetu bandugu babili, ba tumbo moja, balikatana na mapanga juu ya kipande ya kiwanja, na baba yao hata haijazikwa. Unipe jina ya kile kintu kiliingia mu moyo yabo. Ukikosa jina, uniachie yangu.

Ile filme sikuiona na sitaiona. Lakini ya kukojoa kitandani, pale nakubali. Mutoto wangu wa tatu alikojoaka mupaka miaka kumi. Leo ni fundi wa umeme, na njo yeye analipaka kodi ya nyumba.

Mchimbaji wa Kolwezi

Mwezi wa 6 mwaka 2019 mgodi uliporomoka kwetu, wachimbaji zaidi ya 30 wakafa. Kabla miili yote haijatolewa, habari ilikuwa imeshafika sokoni: tajiri ametoa watu kafara ili mali yake, yaani madini, ipande bei. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu wazima, wenye wake na watoto, wanaingia kwa kuibia mahali ambapo udongo umekaa juu yao hivi. Tulilia, tukachanga, kesho yake wengine wakarudi kuchimba.

Kwa hiyo ndugu wa Kamalondo, una haki nusu. Nusu nyingine sikupi. Sisi tuliosema kafara hatukuwa wajinga. Tulimaanisha kwamba kuna mtu anatajirika kwa sababu sisi tunakufa, na hilo ni kweli hata bila pembe wala mkia. Ukituambia tuache kusema hivyo, tuseme nini? Kuna ofisi ya kupeleka mashtaka yetu ambayo itatusikia?

Mwalimu wa Katuba

Mchimbaji amegusa pale pale nilipotaka kufika, na nitaomba nafasi kidogo.

Waliokulia katika kambi za Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, watakumbuka kuta za sebule zetu. Mchoro wa kwanza ulikuwa Colonie Belge: askari anampiga mfungwa fimbo, mzungu amesimama kando na kofia yake, bendera juu. Wa pili ulikuwa Mamba Muntu: mwanamke mweupe wa nywele ndefu, kuanzia kiunoni ni samaki, ana kioo na kitana, nyoka amemzunguka. Ukiokota kitana chake kando ya maji, anakujia usiku kukidai. Ukikubaliana naye unapata gari, nyumba, redio. Sharti ni siri, na bei yake mara nyingi ni mtu wa nyumbani mwako. Palikuwa pia na Simba Bulaya, wale watu wa taa waliokamata weusi usiku. Wengine waliwaita batumbula, na walisema aliyekamatwa analishwa mpaka anakuwa nguruwe, anapelekwa kwa wazungu kama nyama ya mkebe.

Mbelgiji alicheka hadithi hizo. Mimi sicheki. Mfanyakazi wa Elisabethville, jina la zamani la mji huu, alimwona mwenzake anaingia mgodini mzima na kutoka mapafu yameoza. Mwezi Desemba 1941 aliona wagomaji wanapigwa risasi uwanjani kwa kuomba nyongeza ya mshahara. Aliposema "hawa wanatula", alikuwa ametoa hesabu ya kampuni kwa usahihi kuliko vitabu vya kampuni yenyewe.

Sasa angalieni kidole kilielekea wapi. Mamba Muntu alimshitaki tajiri wa ghafla. Simba Bulaya alimshitaki bwana. Kidole kilipanda juu. Kisha ikaja njaa ya miaka ya tisini, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikaanguka, mishahara ikakatika, makanisa ya uamsho yakajaa kila kona, na kidole kikashuka: kwa mtoto yatima, kwa bibi mzee, kwa mke wa pili. Nyumbani kwetu baba alimshusha Mamba Muntu ukutani kwa amri ya kikundi cha sala, akamchoma uani. Mwaka ule ule shangazi yangu mjane alifukuzwa nyumbani kwa kuitwa mchawi. Michoro ilichomwa, ushitaki ukabaki, ukabadilisha tu mshitakiwa.

Kwa hiyo siungi mkono kumkataa Shetani. Naunga mkono arudishwe alikokuwa, kwa wakubwa.

Pasta wa Kampemba

Nasoma kwa uvumilivu. Ndugu wa Kamalondo, umetuletea nusu ya LaVey ile tamu. Nusu ya pili iko katika kitabu chake cha 1969: wema ni wa anayestahili tu, kisasi ni bora kuliko kugeuza shavu, mwenye nguvu asione haya kwa nguvu zake. Hiyo ndiyo habari njema ya uasi? Mimi naijua tayari. Inapita mbele ya kanisa langu katika jeep ya vioo vyeusi na kuwarushia vumbi mama zetu wanaouza mampa. Hawahitaji kadi ya uanachama kutoka San Francisco.

Na kuhusu watoto: msitutie wote katika kapu moja. Kuna wachungaji, nami ni mmoja, tunaohubiri hadharani kwamba anayemfunga mtoto kwa kamba ili "amtoe pepo" ni mhalifu. Naamini Shetani yupo. Siamini anakaa katika tumbo la mtoto wa miaka sita.

Mwanasheria wa mjini

Kwa kifupi, maana watu wanabishana kama hakuna sheria. Katiba ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009, ibara ya 160, inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu pamoja na faini kwa anayemshitaki mtoto uchawi. Na ibara ya kwanza ya Katiba inasema Leta yetu, yaani serikali, haina dini. Kesi zinazofika mbele ya hakimu ni kidogo, kwa sababu anayetegemewa kushitaki ni mzazi, na mara nyingi mzazi ndiye aliyemfukuza mtoto.

Mwana Kamalondo

Pasta, kwa LaVey nakupa pointi. Nami simpendi sana. Alikuwa mtu wa maonyesho, na alipenda sana kamera. Lakini Wasatani si kundi moja. Wako wa Satanic Temple, walioanza mwaka 2013, ambao kanuni yao ya kwanza ni huruma. Na siasa yao ndiyo iliyonivuta. Huko Oklahoma, Marekani, wabunge waliweka jiwe la Amri Kumi mbele ya jengo la serikali. Hawa hawakulivunja. Waliomba tu nafasi pembeni yake kwa sanamu yao, Baphomet wa shaba mwenye kichwa cha mbuzi, na watoto wawili wamesimama wakimtazama. Hoja yao: uwanja wa wote, ama kila mtu aweke chake, ama hakuna anayeweka. Mwaka 2015 mahakama kuu ya jimbo ikaamuru jiwe liondolewe. Sanamu wakaizindua Detroit, na mwaka 2018 wakaipeleka Arkansas kwa hoja ile ile.

Sasa hapa kwetu. Sakombi Inongo alikuwa msemaji mkuu wa utukufu wa Mobutu. Miaka ya tisini akaokoka, akazunguka akishuhudia kwamba utawala ule ulijaa mambo ya giza. Watu walishangilia. Baadaye akawa waziri tena, chini ya Kabila baba. Ungetaka kumuuliza habari za fedha, za waliofungwa, za aliyosema kwenye televisheni kwa miaka yote ile, jibu lilikuwa tayari: tulikuwa katika mikono ya Shetani. Nani atamwandikia Shetani hati ya kuitwa mahakamani?

Na nabii Simon Kimbangu? Alikamatwa 1921, akahukumiwa kifo, adhabu ikabadilishwa, akafungwa hapa Elisabethville mpaka akafa 1951. Miaka 30. Kwa Leta ya wakati ule, yeye ndiye aliyekuwa hatari kwa roho za watu.

Pasta wa Kampemba

Kimbangu usimguse. Alifungwa akiomba kwa jina la Yesu, hakufungwa akijitukuza. Ukimfanya ndugu wa LaVey, hata wajukuu wake watakucheka.

Mwalimu wa Katuba

Pasta ana haki hapo. Na niongeze jambo linalomuuma ndugu yetu zaidi. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga. Walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walikufa pale. Wanasiasa hawakumtaja Shetani. Walisema "bilulu", wadudu, ikatosha. Mkimfukuza Shetani katika siasa, mwanasiasa atatafuta mdudu.

Mwana Kamalondo

Hilo sina jibu lake la haraka. Lakini mdudu ni uongo unaoweza kuubisha kwa macho: jirani yako ana mikono miwili, alikukopesha chumvi. Shetani huwezi kumbisha, ukibisha ndiyo dalili kwamba amekuingia.

Mtoto wa sinema, Kenya

Sisi wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, tunaona ninyi wakubwa mmekimbia filamu. Nirudi huko.

Mwaka 1992 Wanigeria walitoa Living in Bondage: mume anatoa mke wake ili apate utajiri. Tumekua na filamu za namna hiyo, mtu anasimama kando anatafsiri kwa Lingala au Swahili na kuongeza mahubiri yake kati ya maneno, mpaka hujui ni nani aliyesema nini. Sasa chukueni Rosemary's Baby, ya Marekani, 1968. Mwigizaji asiye na bahati anawapa jirani zake tumbo la mke wake, na siku zile zile kazi zinaanza kumjia. Ni Mamba Muntu wa Mwalimu huyo huyo, kahamia New York!

Katika zote mbili Shetani ni mnunuzi tu. Muuzaji ni mume. Lakini angalieni sinema yetu inavyomaliza: mume analia, anaombewa, anasamehewa, watu wanapiga makofi. Mke yuko kaburini. Kama kuna jicho la Kisatani la kutazama sinema, mimi nitalikubali kwa hilo moja: liangalie mkono uliotia sahihi. Augure inafanya hivyo. Sehemu iliyonikaa ni ya yule mama: polepole unaanza kuona kwamba naye kuna aliyemuumiza kabla hajamkataa mwanawe, na haimwachi ajifiche nyuma ya alama ya mtoto.

Tena msifikiri wenzetu walipona. California kesi ya shule ya watoto ya McMartin, ya ibada za Kishetani za kubuniwa, ilianza 1983 ikaisha 1990. Hakuna aliyepatikana na hatia. Miaka saba, katika nchi yenye kompyuta.

Mama wa Ruashi

Sasa huyu wa sinema nimemusikia. Muuzaji ni bwana. Ile niko naijua bila filme.

Lakini mniambie: ku soko kuko batoto balifukuzwa, balalaka chini ya meza ya nyama. Munasema Shetani haiko, ao iko ku bakubwa. Beye balale wapi leo mangaribi?

Mchimbaji wa Kolwezi

Mama, kwetu kuna masista wanawapokea, lakini vitanda vimejaa. Mwanasheria, ile ibara ya 160 inaweza kuandikwa kwa Swahili kwenye karatasi moja? Nitaibandika pale wanaponunua mali. Wachimbaji ndio wanaotuma makuta nyumbani, na simu ya "huyu mtoto ana kitu" inatufikia sisi kwanza.

Mwanasheria wa mjini

Inaweza. Nitaitayarisha, lakini Mwalimu asahihishe lugha.

Pasta wa Kampemba

Nami niko tayari kutoa ukumbi wa kanisa Jumamosi mwonyeshe hiyo Augure. Sharti moja: nizungumze mimi kabla haijaanza, watu wajue wanachoangalia.

Mtoto wa sinema, Kenya

Baada, Pasta. Ukizungumza kabla umekuwa yule mtafsiri wa filamu za Kinigeria.

Pasta wa Kampemba

Kabla. Kanisa ni langu.

Mtoto wa sinema, Kenya

Na projekta ni yangu.