Wapenzi wa modeli za treni Mbeya mmeingia mitini: rudisheni vipande vya reli na daftari la mzee

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Jumamosi iliyopita nimefungua ukumbi saa nne asubuhi kama kawaida. Nimekaa mpaka saa nane. Aliyekuja ni yule mzee wetu peke yake, mstaafu wa reli, kapanda bajaji kutoka Iyunga na mvua ile. Nikamwamkia, akaitikia, akaangalia viti. "Vijana wangu wamehamia wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Tulikuwa kumi na wanne. Mnakumbuka tulivyobishana kutwa nzima kuhusu upana wa reli? Reli ndogo zinazouzwa kwa wingi ni za milimita 16.5. Ukizipigia hesabu kwa skeli ya 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, unapata milimita 1,435, na hiyo ni SGR, reli ya kisasa ya Dar na Dodoma. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia tunayoijenga kwa udogo, ni 1,067. Gawanya kwa 87, unapata 12 na ushee. Kuna waliosema tununue tu hizo za dukani, nani atakuja na rula? Mzee akasema yeye ataona bila rula. Tukakubaliana milimita 12, tuchomelee wenyewe kwa waya wa risasi. Nyinyi wenyewe mlinyoosha mikono!

Reli nzima ina kilomita 1,860. Ukiipunguza mara 87 bado ni kilomita 21. Hakuna aliyewaomba hiyo. Tuliomba vipande tisa, kila kimoja mita moja na sentimita ishirini, tuunganishe kutoka Mlimba hadi Tunduma. Vimefika vinne. Mwenzetu wa Iringa, mji ambao hauna hata reli, amekileta kipande chake cha handaki kwenye buti la basi, mbao ya paini ya Mufindi, mlima kaupaka rangi vizuri kabisa. Mwenye kipande cha Makambako anaishi Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya. Mwanjelwa! Daladala moja tu. Hajaonekana tangu Pasaka, na bila Makambako treni inatoka handakini inaangukia sakafuni.

Kwenye grupu la simu ndiyo hivyo hivyo. Mtu anauliza swali la maana, mwinamo gani injini ndogo itauweza ikiwa na mabehewa sita, watu wanasoma, kimya. Baada ya siku mbili mtu anatuma picha ya maua, "asubuhi njema". Mnaokaa kimya ni nyinyi mliouliza kuliko wote mlipoanza! Mlipopaka mataruma, yale yanayolala chini ya reli, rangi ya kahawia, nani aliwaambia ya TAZARA ni ya zege, yapakeni kijivu? Mlipounguza mota kwa chaja mbovu, nani alikaa nanyi hadi usiku? Mmeshajua, basi mnaona hakuna haja ya kumjibu anayeanza leo.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni daftari. Mzee alipima mabehewa kwa futi kamba enzi zake kazini, akachora kwa penseli: urefu, milango, breki, namba zilivyoandikwa ubavuni. Hakuna nakala. Mmoja wetu aliliazima "wiki moja nikalipige picha". Huu ni mwezi wa tano tangu aondoke nalo. Simu inaita, hapokei. Wale walioijenga reli ile kati ya 1970 na 1975 wanaondoka kila mwaka, na waliofanya kazi juu yake mwanzoni ni wazee sasa. Mtu kakukabidhi mwandiko wake wa ujanani, wewe unamkalia kimya? Jumamosi hakuliulizia hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana nilimwona anaiangalia kabati tulipokuwa tunaliweka daftari lake.

Kama umechoka na treni, sema umechoka, hakuna atakayekufunga kamba. Leta kipande chako tumpe mwingine. Aliyenalo daftari anajijua. Usije na maelezo, lilete. Kama unaona haya kuonana na mzee, liache kwa mama wa chai pale nje ya ukumbi, ameshaambiwa. Jumamosi hii saa nne mlango utakuwa wazi.