Mafuta ya meli yanakuja upande wetu na bamvua, yale maji makubwa, ni keshokutwa, naombeni ushauri haraka

katibu_pwani

Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Niko ukanda wa Tanga, wilaya ya Mkinga, kijiji naomba nisikitaje kwa sasa. Kuna meli ya mizigo imepanda mwamba kusini kwetu, na jana alfajiri wavuvi wa mishipi wamerudi wanasema wamekuta maji yana utando unang'aa na harufu imewauma macho. Mmoja kaja na kipande cha kamba kimeganda kitu cheusi, nimekishika kwa mfuko wa nailoni, kinanata na kuvutika kama ulimbo.

Kusi, upepo wa kusini, linapiga kwa hiyo hatuna shaka kinakuja huku. Taarifa tumeshapeleka wilayani, tumeambiwa wataalamu wako njiani, lakini sisi hatuwezi kukaa tunatazama bahari. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi, na hapa watu wananiuliza mimi.

Hori letu lina mikoko pande zote mbili, mlango wake kama hatua sitini hivi, kamba na kaa wote wanatoka humo. Kina mama wana mwani wa wiki nne, bado wiki mbili uvunwe. Vijana wanataka tuzibe mlango wa hori kwa nyavu, wazee wengine wanasema mafuta yakitua ufukweni tuyafukie mchangani yaishe, na kuna mtu kaja na wazo la kumwaga sabuni ya unga. Tuanze na nini? Tuna siku mbili labda.

nahodha_mstaafu

Pole sana katibu. Hesabu ya haraka tuliyokuwa tunatumia melini, mafuta yanakwenda na mkondo wote pamoja na kama asilimia 3 ya kasi ya upepo. Kusi la noti 20 (maili za bahari kwa saa) ni noti 0.6, na mkondo wetu unapanda kaskazini na majira haya ndo unakaza, kwa hiyo usijipe siku mbili, fanya kama yanafika kesho.

Halafu hilo la bamvua ndo linanitisha zaidi kuliko upepo. Mafuta yakiingia maji mafu, yale madogo, yanaishia chini chini, yakiingia bamvua yanapandishwa mpaka ndani kabisa ya mikoko kule ambako maji hayafiki tena mpaka bamvua ijayo, yanakaa humo yanakauka kwenye mizizi. Kwahiyo nguvu zote wekeni kwenye hori. Ufukwe wa mchanga uacheni uchafuke, mchanga unakusanyika, mkoko haufutiki.

kijana_wa_chuda

Sabuni inasaidia bana, hata gari likimwaga oil chini tunamwaga Omo linatoka

daktari_wa_mikoko

Ndugu yangu kijana_wa_chuda, kwa sakafu ya gereji sawa, baharini hapana kabisa. Sabuni haiondoi mafuta, inayavunja vipande vidogo yanazama na kuchanganyika na maji, sasa kilichokuwa kinaelea juu unakipeleka kwa kamba, kaa na mayai ya samaki. Kuna dawa maalum zinazofanya kazi hiyo lakini zinatumika bahari ya kina kirefu, kwa kibali cha serikali, siyo kwenye hori la maji ya magotini.

Na kufukia nakuomba katibu uwazuie wazee kwa heshima zote. Wimbi linafukua, na yale yaliyozama mchangani yanakaa miaka.

Kitu cha kwanza leo hii, kabla ya boya la kuzuia mafuta wala nini, toeni watu wasafishe ufukwe. Magogo, chupa, majani makavu, nyavu kuukuu, vyote vipandishwe juu ya alama ya bamvua. Takataka ikishapakwa mafuta inakuwa taka ya sumu nayo, na mzigo wenu unakuwa mara mbili tatu bila sababu. Hii kazi hata watoto wa shule wanaweza, ila LEO tu, mafuta yakifika mtoto na mama mjamzito wasisogee.

mama_mwani_jambiani

Katibu nisalimie hao kina mama, najua wanavyojisikia. Mwani wa wiki nne haujajaa lakini vuneni. Shida kubwa shamba linafikika maji yakipwa ya bamvua tu, yaani bamvua hiyo hiyo inayoleta mafuta ndo inayowapa nyinyi nafasi ya kuingia. Kwa hiyo kupwa ya kesho asubuhi ikianza tu watu wawe wameshafika, msisubiri saa nne maji yakauke kabisa, anzeni yakiwa mapajani.

Mbegu msizivune zote zikakauka! Kateni matawi mazuri, yafungeni kwenye kamba kama kawaida, funikeni kwa magunia mabichi, pakieni kwenye ngalawa mkaombe hifadhi kijiji kingine ambacho hakiko kwenye njia. Jua lisizipige. Mbegu ikifa mtaanza na sifuri, na vigingi na kamba ng'oeni pia maana kamba ikinywa mafuta haisafishiki, ni ya kutupa.

mtz_port_louis

Mimi nilikuwa Mauritius 2020 wakati wa meli ya mizigo Wakashio. Ilipanda mwamba tarehe 25 Julai pale Pointe d'Esny, mafuta yakaanza kutoka tarehe 6 Agosti. Siku 12 katikati hapo watu walikuwa wanaiona kwa macho imesimama tu. Zilimwagika kama tani 1,000 hivi. Nachotaka kusema ni kwamba wananchi wa Mahebourg hawakusubiri, walikaa barabarani mchana na usiku wanashona vitambaa na nyavu, wanajaza majani makavu ya miwa ndani pamoja na chupa tupu za plastiki ili yaelee, wakapata maboya marefu ya kuzungushia pwani. Nilishika sindano siku tatu, vidole vilikuwa havikunjiki.

Nyinyi miwa hamna ila mna makumbi ya nazi. Yawe MAKAVU, ya kuozesha kwa ajili ya kamba yameshakunywa maji yatazama. Chukueni nyavu za dagaa, nyavu za macho makubwa mafuta yanapita kama hayajaona kitu, jazeni makumbi, kila hatua mbili wekeni chupa tatu nne zilizofungwa vizibo vizuri.

nahodha_mstaafu

Naongezea hapo kwa mtz_port_louis, namna ya kulitega hilo boya. Msilivute mstari mnyoofu kukata mlango wa hori. Maji yakishapita kasi ya noti 0.7 mafuta yanapiga mbizi chini ya boya yanaingia ndani. Pimeni hivi, maji yakijaa tupa nazi, pima mita 10 kando ya maji na uhesabu. Ikimaliza mita 10 chini ya sekunde 28 ujue mstari mnyoofu hautashika. Litegeni mshazari, upande mmoja mbele upande mwingine nyuma, ili mafuta yateleze kufuata boya mpaka kwenye kona ya mchanga mliyoichagua, hapo ndo watu wasimame na ndoo. Na liwe mawili, moja nyuma ya lingine.

Shimo la kuhifadhia lichimbwe mbali na visima, litandikwe turubai nzito.

mwanasheria_bandarini

Samahani naingia na jambo ambalo sasa hivi litaonekana si la haraka, lakini ni la leo. Pigeni picha kila kitu KIKIWA KIZIMA. Kila chombo, madema, shamba la mwani kabla ya kuvuna, mikoko ya mbele, kwa simu yenye tarehe. Daftari la BMU la kuandika samaki waliopokelewa mwaloni litunzeni ndani ya nailoni kama hati ya kiwanja, hilo ndo litakaloonyesha mlikuwa mnapata kilo ngapi kabla. Andikeni nani kafanya kazi saa ngapi, risiti za turubai, za mafuta ya boti, hata za glavu.

Ingekuwa meli ya kubeba mafuta mngekuwa na mfuko wa kimataifa wa fidia, IOPC Funds, Tanzania ni mwanachama. Hii ya mizigo haiingii huko, hata Wakashio haikuingia, inaangukia mkataba wa Bunkers unaotaka kila meli ya zaidi ya tani 1,000 iwe na bima ya mafuta yake ya kuendeshea. Muda wa kudai kwenye hiyo mikataba ni miaka 3 tangu hasara itokee. Inaonekana mingi ila wavuvi wengi wanakosa siyo kwa muda, wanakosa kwa sababu hawana karatasi. Na msisaini chochote kwa mtu atakayekuja na bahasha ya pole.

katibu_pwani

Mungu awabariki. Narudi kwa kifupi maana simu inaisha chaji. Ufukwe umesafishwa tangu jana, shule nzima ilitoka. Mwani kina mama wamevuna zaidi ya nusu, mbegu kamba arobaini zimeondoka na ngalawa tatu. Nazi tuliitupa kama nahodha alivyosema, imemaliza mita 10 kwa sekunde 17, vijana wenyewe wakaacha ubishi wa kuziba mnyoofu. Tumeshona usiku kucha kwenye uwanja wa msikiti kwa taa za simu, wanawake wanajaza makumbi wanaume wanashona, boya la kwanza limeshategwa.

Mafuta yamefika leo alfajiri na maji ya saa kumi. Siyo meusi tena, yamekuwa kahawia kama uji mzito.

daktari_wa_mikoko

Yamenywa maji hayo, yakichanganyika yanavimba mara tatu mpaka nne, msishangae mkiona ni mengi kuliko mlivyotarajia. Yamepita boya lenu mangapi?

katibu_pwani

Mengi yameteleza kwenye kona ya mchanga, tumechota mapipa tisa. Lakini boya la pili lilikatika upande mmoja na mikoko ya mbele imepakwa, ile aina ya michu ina mstari mpaka usawa wa goti na vipumulio vyote chini vimefunikwa. Kuna vijana wamevaa gambuti wanataka waingie na matambara wafute mzizi mmoja mmoja. Roho inawauma, na mimi pia.

daktari_wa_mikoko

Watoe humo katibu, tafadhali sana. Kila mguu unasukuma mafuta ndani ya tope, na yakishaingia tope la mikoko hakuna hewa, hayaozi. Mchu unapumua kwa vile vijiti, vingine maji yenyewe yatavisuuza bamvua inayofuata. Chukueni yale yanayoelea pembeni tu, kwa ngalawa, kutokea majini. Watu wakae upande unaotoka upepo na macho yakianza kuuma waondoke, glavu za mpira siyo mikono mitupu.

mama_mwani_jambiani

Na samaki wa humo msiuze wala msile mpaka wapimwe, kina mama wasiokote chaza hapo jamani hata kama nyumbani hakuna mboga.

katibu_pwani

Sawa. Vijana wametoka, wawili wamelia. Nimetangaza msikitini habari ya chaza na samaki. Boya tunalishona upya sasa hivi, makumbi yamebaki magunia sita, jirani zetu wanaleta mengine kwa pikipiki. Naenda kupiga picha za michu kabla maji hayajarudi saa kumi.