Menyu ya vistari vitatu au vitufe vya chini? App ya kikoba

fundi_skrini: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza app ya kikoba cha akina mama wa sokoni, wanachama 30 hivi. Wengi wana Android za bei ndogo, wawili watatu bado wako na vitochi. Nimechora sampuli mbili. Ya kwanza menyu imejificha kwenye vile vistari vitatu juu kushoto. Ya pili ina vitufe vinne chini: Hisa, Mikopo, Marejesho, Taarifa. Kwa macho yangu, ya kwanza ndiyo nzuri, skrini inapumua. Mngechukua ipi?

mchoraji_wa_kata: Ya pili. Vistari hivyo vilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, 1981, mashine ya mezani yenye mausi. Mama wa sokoni kashika simu mkono mmoja, mwingine una vitunguu. Dole gumba halifiki kona ile.

bitimzizima: Nilikaa na mama mkubwa akijaribu app ya namna hiyo. Vistari alidhani ni urembo, hakuvigusa kabisa. Ila na aikoni za chini nazo zilimchanganya: kaona kinyumba, akaniuliza kama wanakopesha hela ya kujengea 😂 Weka neno chini ya kila picha. Na hilo "Wasilisha" litoe, andika "Tuma".

kibodi_mbovu: Mnasahau kitu. Hao akina mama wamebonyeza *150*00# ya M-Pesa miaka na miaka. Orodha yenye namba, swali moja kwa ukurasa, namba ya siri mwisho. Wameshafundishwa tayari, bure. Si uige hiyo?

fundi_skrini: Tutaonekana tumerudi 2008, kaka.

kibodi_mbovu: Tuonekane na nani? Wabunifu wenzako? Mwanachama anataka kujua hisa zake tu. Vitufe vya chini viache, sina ugomvi navyo. Ila akishagusa Marejesho, mpeleke hatua kwa hatua: kiasi, kisha "Unarejesha 20,000, mkopo unabaki 80,000", ndipo namba ya siri. Ule ukurasa wa kuhakiki ndio unaomtoa mtu wasiwasi. Kwenye sampuli zako zote mbili haupo.

fundi_skrini: Hapo umenishika.

mchoraji_wa_kata: Nyongeza: "Ghairi" na "Thibitisha" zimebanana mno. Google wanashauri kitufe kisipungue dp 48 kila upande, Apple pointi 44 (dp na pointi ni vipimo vyao vya skrini). Halafu yale maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, toka nayo nje saa saba mchana uone. WCAG, ule mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazosomeka na kila mtu, unataka utofauti wa mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma usipungue 4.5 kwa 1.

bitimzizima: Na wenye vitochi?

fundi_skrini: Watapata SMS kila wakiweka hisa. Kesho nachapa kurasa kwenye karatasi, nazipeleka sokoni wajifanye wanabonyeza.

bitimzizima: Nenda mapema kabla wateja hawajajaa. Na akikosea usimwonyeshe pa kugusa, hata roho ikuume vipi.