Usaili wa udaktari: wakiniuliza kuhusu hofu ya mitihani nijibu nini?

Kijana wa Nzuguni: Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, wiki ijayo nina usaili wa kujiunga na masomo ya udaktari. Huko nyuma nikiingia chumba cha mtihani mikono inalowa jasho, nasahau hata nilichosoma asubuhi. Sasa hivi niko sawa. Niseme ukweli au ninyamaze? Usingizi sipati.

Mama Ipagala: Pole mwanangu. Mimi siku ya Hisabati, kidato cha nne, nilitapika getini. Baba alikuwa mwalimu, nikifeli ni aibu ya mtaa mzima. Leo nina duka la dawa muhimu na watoto wanakula. Mungu hamtupi mja wake.

Mkulima wa Zabibu: Anayetetemekea karatasi, mshipa wangu ataupata? Njoo Hombolo tulime, ardhi ipo.

Dada Nesi: Mkulima, hapana. Kanula yangu ya kwanza, ile sindano ya kuwekea dripu, nilitetemeka mpaka mgonjwa ndiye akaniambia tulia mwanangu. Leo naitwa kwa watoto wachanga, mishipa ile myembamba. Mleta mada, kwa nini wakuulize? Kuna kitu wamekiona?

Mzee wa Chimwaga: Mnapoteza muda. UDOM au Muhimbili unaomba chuoni, wanaangalia Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanathibitisha, basi. Usaili wa nini? Hii chai.

Kijana wa Nzuguni: Sijatunga, mzee wangu. Chuo ni cha Marekani, nimemaliza shahada ya kwanza huko. Kule udaktari unaombwa baada ya shahada. Kuna mtihani unaitwa MCAT, masaa saba na nusu pamoja na mapumziko, alama kuanzia 472 hadi 528. Kwanza nilipata 495, baadaye 512, na wao wanaziona zote. Usaili ni kwa video, saa 11 jioni ya huku.

Dada Nesi: Basi swali ni hiyo 495. Kwenye maombi uliielezaje?

Kijana wa Nzuguni: Suala siyo hilo.

Dada Nesi: Ndilo hilo hilo.

Kijana wa Nzuguni: Niliandika nilikuwa na malaria. Msinishambulie, nilikuwa nimetoka likizo nyumbani na homa nilikuwa nayo kweli, ila sikupima. Malaria kila mtu anaielewa, hofu wataiona udhaifu. Nimeshajipanga kubaki hapo hapo.

Mzee wa Chimwaga: Malaria bila kipimo, mbele ya madaktari! Watakuuliza ulitumia dawa gani.

Dada Nesi: Sikiliza mdogo wangu. Sheria za kule haziwaruhusu kukuuliza maradhi yako kabla hawajakupokea, kwa hiyo hofu hulazimiki kuitaja. Lakini maombi ulithibitisha kuwa ni ya kweli. Waandikie kabla ya usaili: ulikuwa na homa, hukupima. Wakiigusa 495, sema siku ile ulizidiwa, kisha eleza ulichobadilisha. Ulibadilisha nini?

Kijana wa Nzuguni: Nilikuwa nafanya mitihani ya majaribio kwa muda kamili, saa ile ile ya mtihani, simu nje ya chumba. Na nilimwona mshauri wa chuo.

Dada Nesi: Hilo ndilo jibu lako. Dakika moja, halafu unyamaze wakuulize lingine.

Mama Ipagala: Na ule kabla. Tumbo tupu linaongeza tetemeko.

Kijana wa Nzuguni: Dada, barua yenyewe niiandike kwa ofisi ya udahili au kwa watakaonisaili?

Dada Nesi: Udahili. Leo.