Majaribio yaliyoandikwa na akili unde yanatosha kwa mfumo wa ankara?

Mratibu wa Mfumo

Habari za kazi, wataalamu. Timu yetu inatengeneza mfumo unaopokea ankara, kuzilinganisha na malipo na kuzifunga bila mkono wa mtu. Tangu tulipoanza kutumia akili unde kuandika msimbo (maagizo ya programu), tumeiachia pia iandike majaribio ya kuukagua msimbo huo, na kila usiku yote yanapita. Hata hivyo, mteja aliyelipa ankara ya 1,000 kwa awamu tatu za 333.33, kama mfumo wenyewe ulivyompangia, ameendelea kutumiwa barua za kumkumbusha deni la 0.01. Tulipoyakagua majaribio tulikuta moja linalohusu malipo ya awamu, nalo linashikilia kwamba salio sahihi ni hiyo 0.01. Uongozi unauliza kama bado tunahitaji wajaribu, ilhali mimi nauliza jaribio hilo lilipataje kupita.

Fundi Mjaribu

Lilipita kwa sababu lilitungwa kwa kusoma msimbo, si kwa kusoma kanuni za malipo. Msimbo na jaribio vikitoka kwenye chanzo kimoja, dhana potofu iliyoingia katika kimoja huingia katika kingine bila kupingwa na yeyote. Kama hiyo 0.01 isamehewe, iongezwe kwenye awamu ya mwisho au idaiwe, jibu halimo ndani ya msimbo hata kidogo, analo mhasibu.

Wala tatizo hili halikuletwa na akili unde. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Faili lililotumwa lilihitaji thamani 21, huku programu ikitoa 20 tu, na majaribio ya awali hayakuliona pengo hilo kwa kuwa nafasi ya 21 ilikuwa imewekewa alama inayokubali chochote. Majaribio yalikuwepo na yalipita, ila hayakupagusa mahali penye kasoro.

Ningeshauri mhasibu aandike, kwa lugha ya kawaida, ankara chache zenye utata pamoja na matokeo anayoyatarajia, ndipo akili unde ipewe kazi ya kuzigeuza kuwa majaribio. Kisha uharibuni msimbo kwa makusudi: badilisheni alama ya kutoa iwe ya kujumlisha, au ondoeni sharti moja, mtazame kama kuna jaribio litakaloanguka. Zana kama PIT kwa Java na Stryker kwa JavaScript hufanya uharibifu huo zenyewe. Lisipoanguka hata moja, ile alama ya kijani ya kupita mnayoiona kila usiku haina uzito.

Mlinzi wa Seva

Nakubaliana na Fundi kuhusu mhasibu, lakini anayapa majaribio mzigo wote, na hapo ndipo tunapotofautiana. Siku chache kabla ya tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, ilipeleka msimbo mpya kwenye seva 7 kati ya 8. Tarehe hiyo ilipofika, ile iliyosahauliwa ikaamsha msimbo wa zamani ambao haukuwa ukitumika tena, na katika dakika zipatazo 45 hasara ikapita dola milioni 400. Kabla ya soko kufunguliwa, mfumo ulikuwa umekwisha kutuma barua pepe 97 zinazotaja hitilafu, ila hazikuchukuliwa kuwa onyo. Kazi inayojiendesha inahitaji breki: barua ya deni lililo chini ya kiwango fulani isitumwe, bali ipelekwe kwa mtu mwenye jina, ambaye ni wajibu wake kuisoma siku hiyo hiyo.

Mratibu wa Mfumo

Nawashukuru nyote. Mhasibu ameamua kwamba tofauti ya mgawanyo iongezwe kwenye awamu ya mwisho, hivyo ya tatu itakuwa 333.34. Tumejaribu pia kuuharibu msimbo: tulipogeuza alama kwenye hesabu ya salio, majaribio yalianguka mara moja, lakini tulipoliondoa kabisa sharti la kutuma barua za kukumbusha, hakuna hata moja lililoanguka. Matokeo hayo nimeyapeleka kwa uongozi kama yalivyo, na wajaribu wanahamia meza moja na wahasibu, wakianza na sharti hilo la barua.